Mbona Batgirl alisimama akatembea tena?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 14. Mwaka juzi alipata ajali ya bodaboda, uti wa mgongo ukaumia, na sasa anatumia kiti mwendo. Anapenda mno katuni za Kimarekani, na kipenzi chake ni Oracle, yule dada wa kwenye kiti mwendo anayewaongoza wenzake kwa kompyuta. Juzi rafiki yake kamletea kitabu cha Batgirl. Kumbe ni mtu yule yule, ila sasa anatembea na kuruka mapaa, eti alitibiwa Afrika Kusini. Tangu hapo ananiuliza kama na sisi tunaweza kwenda huko. Kwa nini waandishi wanafanya hivi, na mimi nimjibu nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana hapo nyumbani. Nianze na hilo la safari, maana naona ndilo linalomsumbua. Kliniki hiyo haipo. Imetungwa, kama ulivyotungwa mji wa Gotham wenyewe, anakoishi Batgirl. Hakuna hospitali Afrika Kusini, wala India, wala huko huko Marekani, inayompokea mtu aliyepooza kwa jeraha la uti wa mgongo, ikampandikizia kifaa, akatoka akiruka kutoka paa hadi paa. Akikuuliza tena, mjibu hivyo bila kuzunguka. Na yeyote atakayewafuata akisema anayo tiba ya namna hiyo, awe na mashine au na chupa ya mitishamba, msimpe hata senti.

Lakini usimwambie kwamba yote ni hadithi tu, maana hapo utakuwa unamdanganya kwa upande wa pili. Mei 2011 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha habari za Rob Summers, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyegongwa na gari mwaka 2006 akapooza kuanzia kifuani kwenda chini. Watafiti wa Louisville, jimbo la Kentucky, na wenzao wa Los Angeles walimpandikizia elektrodi mgongoni, chini ya pale palipoumia, ziwe zinapitisha umeme kidogo. Umeme ukiwashwa, na baada ya mazoezi ya muda mrefu, aliweza kusimama kwa dakika kadhaa huku akisaidiwa asiyumbe, na kusogeza miguu kwa kutaka mwenyewe. Mwaka 2023 jarida la Nature likaeleza habari za Gert-Jan Oskam, Mholanzi aliyeumia kwenye ajali ya baiskeli. Timu ya Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch huko Uswisi ilimwekea kifaa kichwani na kingine mgongoni, cha kichwani kikisoma anachokusudia na cha mgongoni kikipeleka amri miguuni. Anatembea kwa magongo, tena polepole. Haya ni mambo ya kweli, nayo yamewafikia watu wachache waliomo kwenye utafiti. Nini kinawezekana kwa mdogo wako, hilo waulizeni madaktari wake. Mimi fani yangu ni katuni.

Ila tazama tarehe. Mei 2011 habari za Summers zinatoka. Juni 2011 kampuni ya DC, wachapishaji wa katuni hizi, inatangaza kwamba Barbara Gordon, yaani huyo huyo Oracle, atarudi kuwa Batgirl, na Septemba kitabu kinaanza kuingia madukani, mfululizo wenye kisa cha kipandikizi cha neva. Sidai kwamba habari moja ilizaa nyingine. Nasema tu kwamba ndoto hiyo ilikuwa hewani. Na ukitaka kujua kwa nini Afrika Kusini, kitabu chenyewe hakijisumbui kueleza. Mimi hujifurahisha kwa kukumbuka kwamba moyo wa kwanza wa binadamu kupandikizwa kwa binadamu mwenzake ulipandikizwa na Christiaan Barnard mjini Cape Town, Desemba 1967, mwaka ule ule Barbara alipoanza kujulikana kwa wasomaji.

Sasa tuje kwenye swali lako. Ili uelewe kwa nini alisimama, kwanza ujue kwa nini alikaa.

Barbara Gordon aliingia katika toleo la 359 la Detective Comics, lenye tarehe ya Januari 1967. Ni mkutubi mwenye shahada ya uzamivu, binti wa Kamishna Gordon wa polisi, na usiku anavaa kinyago kupambana na majambazi. Watu wa televisheni walikuwa wanataka mhusika wa kike kwa ajili ya kipindi cha Batman, na mwaka huo huo akaonekana humo. Kufika 1988 kampuni ilikuwa imeshamchoka, na tayari alikuwa amestaafishwa. Ndipo kikatoka The Killing Joke, kilichoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Brian Bolland.

Ukurasa wenyewe uko hivi. Barbara yuko nyumbani na baba yake, jioni ya kawaida kabisa. Mlango unabishwa. Anakwenda kufungua akiwa na kikombe mkononi, huku bado anazungumza na baba yake. Nje amesimama Joker, adui mkubwa wa Batman, kavaa shati la maua la mtalii, kamera inaning'inia shingoni, bastola mkononi. Anapiga risasi moja tumboni. Barbara anaangukia meza ya kioo. Baadaye hospitalini Batman anaambiwa kwamba risasi imepita kwenye uti wa mgongo na binti huyo hatatembea tena.

Humo ndani hakuna anayeuliza ataishije. Joker hana ugomvi naye. Anamtaka baba yake awe kichaa, na anatumia picha za binti aliyejeruhiwa kumtesa mzee. Kuanzia risasi ile mpaka ukurasa wa mwisho, hadithi ni ya wanaume watatu: Joker, Gordon na Batman. Yeye ni kifaa cha kuwafikisha wanakotakiwa kufika. Hiyo ndiyo dosari ya asili, na ilikuwepo miaka 23 kabla hajaponywa.

Waliomuokoa walikuwa mume na mke, John Ostrander na Kim Yale. Hawakupenda alivyotupwa. Wangeweza kumtafutia dawa, maana katika ulimwengu wa DC dawa zimejaa tele: mashimo ya Lazarus yanafufua hata maiti, Amazoni wana miale ya kuponya, wachawi ndio usiseme. Wao wakamwacha kwenye kiti mwendo wakampa kazi. Mapema 1989, katika toleo la 23 la Suicide Squad, katuni nyingine ya DC, sauti inaingia kupitia kompyuta ikijiita Oracle, ikitoa habari na msaada. Hakuna anayejua ni nani. Msomaji aliambiwa mwaka 1990 kwamba ni Barbara. Mwaka 1996, katika toleo la 5 la The Batman Chronicles, Ostrander na Yale wakaeleza ilikuwaje mpaka akawa Oracle, kwa michoro ya Brian Stelfreeze. Humo unamwona akiwa na hasira, akiwa hataki kuonwa, kisha akijifunza kupigana kwa fimbo akiwa ameketi, kwa mwalimu anayeitwa Richard Dragon. Mikono, mabega, kiuno, fimbo mbili. Mdogo wako akiona kurasa hizo ataelewa mwenyewe, hahitaji maelezo yako.

Kuanzia hapo Oracle akawa nguzo. Mashujaa wa DC wakitaka habari walimpigia yeye. Birds of Prey ilipoanza kutoka kama mfululizo mwaka 1999, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi: anakaa katika mnara wa saa wa Gotham, anamtuma shujaa mwenzake, Black Canary, kazini, anagombana naye, anacheka naye. Mwaka 2003 Gail Simone alipochukua uandishi, mazungumzo ya wale wanawake yakawa matamu kuliko ngumi zenyewe. Kwa wasomaji wengi wenye ulemavu, huyu alikuwa mtu pekee katika rafu nzima ya mashujaa aliyeamka asubuhi akiwa na ulemavu, akafanya kazi kubwa, akalala akiwa bado na ulemavu, na hadithi isione ajabu.

Nasisitiza hilo kwa sababu si kawaida. Desturi ya katuni hizi tangu zamani ni ulemavu wa kuvua na kuvaa. Mwaka 1941 mvulana Freddy Freeman anavunjwa mgongo na Captain Nazi, anabaki na gongo, lakini akilitaja jina la Captain Marvel anageuka shujaa mzima anayepaa. Mwaka 1962 Thor anaanza akiwa daktari mchechemeaji, anagonga fimbo yake chini na papo hapo ni mungu mwenye nyundo. Ulemavu unakaa upande wa udhaifu, nguvu zinakaa upande wa mwili mzima, na shujaa anavuka mpaka huo kila toleo.

Na wale waliopooza kama Barbara? Hapa ndipo mimi hukasirika, nivumilie. Mwaka 1989, mwaka mmoja tu baada ya The Killing Joke, huko kwa washindani wao wa Marvel, Tony Stark, yaani Iron Man, alipigwa risasi na mwanamke aliyekuwa na uhusiano naye, akapooza miguu. Haukuisha mwaka wa matoleo akawekewa chipu mgongoni, akasimama. Mwaka 1993 adui aitwaye Bane alimvunja Batman mgongo kwa kumbamiza juu ya goti lake yeye Bane, picha ambayo mdogo wako lazima ameiona. Mwaka 1994 Batman amerudi juu ya mapaa. Aliyemponya ni daktari wake, Shondra Kinsolving, mwanamke mwenye uwezo wa ajabu wa kutibu, na kazi hiyo ikamwachia akili ya mtoto mdogo. Batman akapata mgongo wake, gharama akaibeba mwingine, na katuni ikaendelea.

Basi wasomaji wakaanza kuuliza: huyu bwana mwenye mabilioni, ambaye mwenyewe alivunjika mgongo akapona, kwa nini binti aliyefanya naye kazi bado yuko kwenye kiti? Swali la haki kabisa. Mwaka 1999 Gail Simone, kabla hajawa mwandishi wa katuni, alikuwa ameorodhesha hadharani wahusika wa kike waliouawa, kulemazwa au kunyang'anywa nguvu ili hadithi ya mwanamume isonge, na Barbara alikuwamo. Wapo waliolichukua hilo wakasema: haki ni kumponya na yeye, kama wanaume wanavyoponywa.

Wengine wakasema hapana. Mwaka 2011, mara tu tangazo lilipotoka, Jill Pantozzi, mwandishi wa habari za katuni ambaye mwenyewe anatumia kiti mwendo kwa sababu ya ugonjwa wa misuli, aliandika waziwazi kwamba Oracle ana nguvu kuliko Batgirl atakavyowahi kuwa. Hoja yake ilikuwa rahisi kuielewa: Batgirl wapo wengi, Oracle ni mmoja. Na kweli, wakati ule alikuwapo Batgirl mwingine anayefanya kazi yake vizuri, Stephanie Brown, na kabla yake Cassandra Cain. Kumrudisha Barbara kuliwaondoa watu wawili kwa pigo moja: Stephanie akakosa vazi, Oracle akakosa uhai.

Mimi niko upande wa Pantozzi, lakini pande zote mbili zina jambo la kweli, na ukiliona hilo utaacha kutafuta mwandishi mmoja wa kulaumu. Uamuzi wenyewe haukuwa hata wa kitabibu wala wa kihadithi. Septemba 2011 DC ilianza upya vitabu vyake vyote, mada 52, kila kimoja toleo la kwanza, mashujaa wakiwa wadogo kwa umri na wakiwa katika sura zinazojulikana na kila mtu. Muulize mpita njia yeyote Marekani Batgirl ni nani, atakutajia Barbara wa kwenye televisheni. Wahusika hawa ni mali ya kampuni, na mali hupangwa dukani kwa namna inayouzika. Ndiyo sababu hakuna kinachodumu katika katuni hizi, si kifo, si ndoa, si kupooza.

Mfano mzuri zaidi wa kutodumu ni Profesa X, mwalimu na kiongozi wa mashujaa wa X-Men wa Marvel. Tangu X-Men ianze mwaka 1963 yuko kwenye kiti. Mwaka 1983 wakamhamishia akili katika mwili mpya, akatembea. Mwaka 1991 akapooza tena. Baada ya hapo ameinuka na kuketi mara nyingi kiasi kwamba wachoraji wenyewe lazima waulize mwezi huu yukoje. Ninayoipenda ni ile ya mwandishi Grant Morrison mwanzoni mwa miaka ya 2000: mponyaji mpole aitwaye Xorn anamgusa, Profesa anasimama, shule nzima inafurahi. Baadaye Xorn anavua kinyago, kumbe ni adui Magneto, na kilichokuwa kinamsimamisha Profesa ni mashine ndogondogo zilizopandwa mwilini mwake. Zinazimwa, anaanguka. Kwangu ni kisa bora cha uponyaji katika katuni, kwa sababu kinakuonyesha jinsi kila mtu alivyoutaka muujiza mpaka akasahau kumuuliza mponyaji ni nani.

Turudi kwa Batgirl wa 2011, maana ndicho kitabu kilichomo nyumbani kwenu. Aliyepewa kukiandika ni Gail Simone yule yule. Uamuzi wa kampuni naupinga, kitabu chenyewe nakiheshimu. Adui wa kwanza anaitwa Mirror, na ana orodha ya watu anaotaka kuwaua: wote ni watu waliopaswa kufa wakanusurika kwa bahati ya ajabu. Jina la Barbara Gordon limo. Katika toleo la kwanza Mirror anamwelekezea bastola pale pale chini ya tumbo risasi ya Joker ilipoingia, na Batgirl anaganda. Hasogei. Mtu anauawa mbele yake. Miguu imepona, kilichobaki hakijapona. Simone alijua kwamba kuna wasomaji watakaomuuliza Barbara kwa nini wewe na si mimi, akamfanya Barbara ajiulize hivyo hivyo kwanza.

Kilichokosekana humo, na kinakosekana karibu kila mahali, ni mwili wenyewe. Wewe unayeishi na mdogo wako unajua kwamba kupooza si miguu tu. Kuna mpira wa mkojo, kuna choo cha kupangiwa saa, kuna kumgeuza usiku asipate vidonda vya kulalia, kuna misuli kukakamaa bila taarifa. Watu wengi wenye majeraha haya husema wangepewa kuchagua kitu kimoja kirudi, wasingeanza na kutembea. Katuni inaanza na kutembea kwa sababu kutembea kunachoreka. Kibofu kilichorudi kufanya kazi hakina jalada.

Na picha ina nguvu ya kupotosha hata watu wazima. Christopher Reeve, aliyeigiza Superman, alianguka kutoka kwenye farasi Mei 1995 akapooza kuanzia shingoni. Januari 2000, wakati wa fainali ya mpira wa Kimarekani, likarushwa tangazo la kampuni ya uwekezaji ambamo anaonekana akiinuka na kutembea, kwa ufundi wa kompyuta. Wapo walioamini kwamba amepona kweli, wakaanza kuulizia tiba hiyo inapatikana wapi. Reeve alifariki Oktoba 2004 akiwa bado amepooza. Kwa hiyo mdogo wako kuuliza nauli ya Afrika Kusini si utoto. Watu wazima wa nchi tajiri waliuliza hivyo hivyo.

Sasa umjibu nini. Mwambie kliniki haipo, na utafiti upo, nawe umsomee habari za Summers na Oskam kama zilivyo, pamoja na magongo na miaka ya mazoezi. Mwambie Barbara alisimamishwa na watu wa mauzo. Kisha muulize yeye angemwandikaje. Usimlazimishe ampende Oracle kuliko Batgirl. Huenda sasa hivi anataka kumsoma yule anayeruka, na kutamani kutembea si dhambi wala si kuikana hali yake. Hasira inayonitoka mimi, ambaye huzisoma katuni hizi nikiwa nimesimama kibandani kwa muuza vitabu, isimkae yeye kichwani.

Vitabu, mpe kwa mpangilio huu. Anza na ile hadithi ya 1996 ya Ostrander na Yale, ni fupi na ni safi. Fuatisha Birds of Prey, hasa matoleo ya Simone kuanzia la 56. Batgirl wa 2011 anaye tayari. Amalizie kisa cha Mirror chote, asiishie ukurasa wa kuruka. Mwambie pia kwamba tangu 2021 DC imemrudisha Barbara kwenye kazi ya Oracle, akitembea kwa msaada wa kile kifaa cha mgongoni. The Killing Joke usimpe kwa sasa. Kina mateso yasiyofaa kwa umri wake, na kwa aliyeumia uti wa mgongo juzi tu, ukurasa ule wa mlangoni hapaswi kukutana nao akiwa peke yake. Akikitaka atakapokuwa mkubwa, kisomeni wote wawili.

Vitabu vya zamani havipatikani kirahisi madukani kwetu. Jaribuni wauza mitumba wa vitabu, au mnunue nakala za kidijitali. Ukikwama, niandikie tena.